Kumtafuta babu Mwairishi ukiwa Dar: kitongoji kwanza, jina baadaye

Wengi wenye babu Mwairishi huanzia pabaya. Mtu anafungua tovuti ya kumbukumbu za Ayalandi, anaandika "John Murphy", zinamwagika John Murphy kwa maelfu, na kabla chai haijapoa ameshajichagulia mmoja kwa sababu tu mwaka wa kuzaliwa unaelekeana. Kuanzia hapo kila anachokusanya ni ukoo wa watu wengine.

Nyaraka za Ayalandi zimepangwa kwa kufuata ardhi. Kisiwa kizima kimegawanywa katika vitongoji (kwa Kiingereza "townlands") vipatavyo 61,000, vingine vya ekari chache tu, na daftari lolote, liwe la kodi, la sensa au la parokia, mwisho wake linakufikisha kwenye kitongoji. Ukilijua jina la kitongoji, John Murphy wako anajitenga na wenzake. Usipolijua, hata ulipie tovuti tano utazunguka palepale. Ndiyo maana kazi ya kwanza inafanyika huku kwetu, na lengo lake ni moja tu: kupata karatasi inayosema alitoka wapi, hata kama kwa kuanzia itakupa kaunti peke yake.

Karatasi za huku

Lishughulikie jina mapema. Limepita kwenye masikio na kalamu nyingi. O'Brien amekuwa Obraini, McCarthy amekuwa Makati, Reilly amekuwa Raili na kwa wengine Laili. Mara nyingi jina la ukoo halikubaki kabisa: watoto waliandikishwa kwa jina la kwanza la baba, kwa hiyo akina Patrick wa Kinondoni wanaweza kuwa wajukuu wa Patrick Doyle. Litamke kwa sauti, andika kila namna ambayo karani wa Kiingereza angeweza kulisikia, na uongeze aina zenye O' na Mac pamoja na zisizo nazo. Wairishi wenyewe walikuwa wakiziacha na kuzirudisha. Mtu mmoja anaweza kuwa Sullivan kwenye cheti cha kuzaliwa na O'Sullivan kwenye ndoa yake.

Wazee wa familia waulize mambo matatu: dini yake, kazi yake, na vituo alivyohamishiwa. Dini inaamua utafute daftari la kanisa gani, kazi inakuonyesha idara ya serikali, na vituo vinakupa miaka. Wakikwambia "alikuwa Mwingereza", usimwondoe kwenye orodha. Hadi 1922 Ayalandi yote ilikuwa ndani ya Uingereza, na makarani wa Tanganyika waliendelea kuwaandika hivyo hata baadaye. Kinyume chake nacho kipo: kutumikia kikosi chenye jina la Kiayalandi hakumfanyi mtu kuwa Mwairishi.

Kama alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, tafuta Gazeti la Serikali la Tanganyika. Humo kuna uteuzi, uhamisho, tarehe za kuondoka likizo na kurudi, na matangazo ya mirathi ya waliofia huku. Matoleo ya zamani yapo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, mtaa wa Vijibweni, na mengine kwenye mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na piga simu kwanza kuuliza kama miaka unayoitaka inapatikana chumba cha wasomaji. Gazeti halitaji alikozaliwa mtu. Linakupa vitu viwili vinavyodharauliwa: tarehe kamili za safari, na herufi za majina ya kati. "J. P. Murphy, mkaguzi wa kazi za umma" ni mtu unayeweza kumfuata. "Bwana Murphy" hafuatiki.

Tarehe za likizo zinakupeleka kwenye orodha za abiria wa meli. Waliotoka bandari za Uingereza kwenda ng'ambo wako kwenye mkusanyo unaoitwa BT 27, miaka 1890 hadi 1960. Waliorudi wako kwenye BT 26, 1878 hadi 1960. Zote mbili ziko kwenye tovuti za kulipia, ya kwanza Findmypast na ya pili Ancestry. Watumishi wa serikali walikwenda likizo ndefu Ulaya kila walipomaliza kipindi cha kazi, hivyo mtu yuleyule hujitokeza tena na tena. Orodha za kurudi ndizo tamu zaidi: zina umri, kazi, na safu ya anwani anakokwenda kufikia. Wengi wameandika hoteli ya London au benki. Lakini mara moja kati ya safari zake zote ataandika kwa mama yake, kwa mfano nyumba fulani, mji fulani, Cork, na hapo umepata kaunti. Ndiyo sababu usiridhike na safari ya kwanza uliyoiona. Zifungue zote. Usitafute orodha ya kivuko cha kutoka Dublin kwenda Uingereza, maana safari za ndani hazikuandikwa abiria.

Kwa aliyekufa jeshini wakati wa vita, angalia kwanza tovuti ya tume ya makaburi ya vita, CWGC, ambayo ni bure. Makaburi ya vita ya Dar yaliyopo Barabara ya Bagamoyo yalianzishwa mwaka 1968, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara, na mengine yakaletwa kutoka bara. Jiwe lina jina, cheo na tarehe. Ukurasa wa mtandaoni wa marehemu mara nyingi una zaidi: majina ya wazazi na mahali walipokuwa wakiishi. Wasio na maelezo hayo ni wale ambao familia zao hazikurudisha fomu. Mafaili ya askari wa vita hiyo yasikushangaze yakikosekana, kwani sehemu kubwa iliteketea London kwa mabomu ya Septemba 1940.

Nataka kukaa kidogo kwenye ndoa ya kanisani, kwa sababu hapa ndipo watu wa Dar wanapoacha dhahabu ardhini. Mkatoliki yeyote wa hapa anajua kwamba hufungi ndoa bila kuleta cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia uliyobatizwa, na kwamba ndoa ikishafungwa paroko anairudishia parokia ile taarifa ili iandikwe pembeni mwa jina lako. Utaratibu huo wa taarifa ulianza kushika Pasaka ya 1908, kwa amri ya Papa iitwayo Ne Temere. Sasa mchukulie Mwairishi aliyeoa kanisani hapa mjini mwaka 1931. Anatakiwa awe ameacha alama mbili. Huku, daftari la ndoa au karatasi za maandalizi zinataja parokia ya ubatizo. Kule, kwenye daftari la ubatizo la kijijini kwao, pembeni mwa mstari wake pana maneno machache ya Kilatini, jina la mke, tarehe, na mahali ndoa ilipofungwa. Alama moja ikipotea, nyingine inaweza kukuokoa.

Ukienda ofisi ya parokia, usiombe cheti cha ndoa peke yake. Cheti kinachojazwa leo ni muhtasari na kinaweza kuiacha parokia ya ubatizo. Omba usomewe mstari mzima wa daftari, pamoja na yaliyoandikwa pembeni na majina ya mashahidi. Nenda na majina ya wote wawili na mwaka usiopishana zaidi ya miwili au mitatu, maana katibu wa parokia hawezi kukupekulia miaka ishirini huku watu wa misa za wafu wamejaa mlangoni. Kinachoweza kuharibu ni hiki: ndoa ilikuwa ya bomani, barua ilipotea njiani hasa miaka ya vita, au paroko wa kule hakuiandika.

Na kama hapakuwa na ndoa yoyote, ambayo kwa ukweli ndiyo hali ya familia nyingi, tegemea ubatizo wa mtoto. Tafuta nani alikuwa msimamizi. Mara nyingine baba hakutajwa, lakini msimamizi ni mfanyakazi mwenzake wa idara ileile.

Kilichoungua na kisichoungua

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za umma pale Four Courts, Dublin, liliteketea. Ndipo ulipozaliwa usemi kwamba "za Ayalandi zote ziliungua". Si kweli, na usemi huu umewavunja moyo watu wengi bure.

Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliungua karibu zote. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya kujumlisha takwimu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo sensa kamili ya zamani zaidi uliyonayo ni ya 1901, kisha ya 1911. Ya 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Wosia za asili nazo ziliungua, lakini muhtasari wake uliochapwa mwaka kwa mwaka kuanzia 1858 ulibaki: jina la marehemu, kazi, makazi, tarehe ya kifo, thamani ya mali na nani amekabidhiwa. Upo bure kwenye tovuti ya kumbukumbu za taifa za Ayalandi.

Vizazi, ndoa na vifo vya serikali havikuwamo ndani ya jengo lile. Madaftari ya Wakatoliki yalikuwa parokiani. Waliopata hasara kubwa ni Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana wa kule: zaidi ya madaftari elfu moja ya parokia zao yalikuwa yamehifadhiwa Dublin kwa usalama. Matokeo yake, mkulima mpangaji wa Kikatoliki leo anaweza kufuatika vizuri kuliko bwana wa Kiprotestanti aliyeishi bonde moja naye. Tangu 2022 kuna hazina ya mtandaoni, Virtual Record Treasury of Ireland, inayokusanya nakala za vilivyoungua kutoka maktaba nyingine. Ni bure, ila kwa familia ya kawaida ya shambani usiitegemee sana.

Usajili wa serikali

Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kusajiliwa 1 Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote, kuanzia 1 Januari 1864. Tovuti ya irishgenealogy.ie inakuonyesha picha ya ukurasa wenyewe wa daftari bila malipo, kwa masharti ya umri: kizazi kiwe kimepita miaka 100, ndoa 75, kifo 50. Itakutaka uandike jina lako na kuweka alama kabla ya kuendelea. Ni utaratibu wa sheria yao tu, haikutozi kitu. Nakala ya kawaida kutoka ofisi yao ya usajili iliyopo Roscommon ni euro 5, na cheti rasmi euro 20. Huihitaji hata moja kati ya hizo mpaka utakapofika kwenye mambo ya uraia. Ukilazimika kulipa, kadi ya Visa au Mastercard ya mtandaoni ya kampuni ya simu inatosha kwa kiasi kama hicho.

Kwenye kisanduku cha wilaya watu wengi huchapa jina la kaunti na kukosa. Wilaya za usajili zilifuata mipaka ya nyumba za maskini za karne ya 19, na mipaka hiyo inakatiza kaunti. Wilaya ya Ballinasloe ina vitongoji vya Galway na vya Roscommon. Carrick-on-Suir imeingia Tipperary, Waterford na Kilkenny. Kwa hiyo kwanza chukua jina la mahali, lihakikishe kwenye townlands.ie au logainm.ie, kisha tafuta liko wilaya gani ya usajili, ndipo urudi kutafuta. Ukiacha wilaya wazi na kuweka miaka mitano mitano, ni afadhali kuliko kuweka wilaya isiyo yake.

Ukurasa wa vizazi una mistari kumi. Usome mmoja polepole. Kuna tarehe na mahali pa kuzaliwa, na hapo ndipo kitongoji kilipo. Halafu jina la mtoto, jinsia, jina la baba na makazi yake, jina la mama pamoja na ukoo wake wa usichana, kazi ya baba, kisha aliyetoa taarifa: jina, sifa yake na makazi. Bibi aliyekuwapo wakati wa kujifungua mara nyingi ndiye mtoa taarifa, na kama hakujua kuandika, utaona msalaba mdogo katikati ya jina lake lililoandikwa na msajili. Linganisha makazi ya baba na mahali pa kuzaliwa. Vikitofautiana, huenda mama alirudi kwao kujifungulia mtoto wa kwanza, nawe umepewa kitongoji cha upande wa pili wa ukoo bila kukiomba.

Tarehe yenyewe usiiamini kupita kiasi. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, na dawa ya faini ilikuwa kusogeza siku ya kuzaliwa mbele. Ndiyo maana utakuta mtoto amebatizwa wiki tatu kabla ya "kuzaliwa". Hilo likitokea, shika tarehe ya kanisa.

Cheti cha ndoa kinakupa majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao. Mama hawatajwi. Umri mara nyingi umeandikwa "full age", maana yake tu ni kwamba amefikisha miaka 21. Cheti cha kifo kwa ukoo ni dhaifu kabisa: hakitaji wazazi wala alikozaliwa marehemu, na umri wake ni wa kukadiria. Usianze na kifo.

Sensa mbili zinazobana uongo

Sensa ya usiku wa 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911 ziko bure kwenye tovuti ya kumbukumbu za taifa, na picha za fomu zenyewe. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa kaunti tu kwa waliozaliwa Ayalandi, lakini fomu imepangwa chini ya kitongoji wanachoishi, kwa hiyo bado unakipata.

Uzuri wa 1911 ni kwamba mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amejifungua watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na wangapi bado wako hai siku ya sensa. Tuseme babu yako ni Daniel, ana miaka 12 kwenye fomu, baba Timothy, mama Hanora, ndoa miaka 19, watoto 9, hai 7. Sasa una kipimo. Rudi kwenye usajili: lazima upate vizazi tisa vya Timothy na Hanora wenye ukoo uleule wa mama, ndoa karibu na 1892, na vifo viwili vya watoto. Ukipata vizazi sita na ukoo wa mama unabadilika katikati, umechanganya familia mbili, au mke wa kwanza alikufa. Watu hulikwepa jaribio hili kwa sababu linachosha. Mimi ukoo ambao haujapita hapa sihesabu kwamba umethibitishwa.

Umri nao una vituko vyake. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika 70, na ghafla mtu aliyekuwa na 56 mwaka 1901 ana 71 mwaka 1911. Kwa wazee, shika umri wa 1901. Jambo hilohilo lilizaa nyaraka nzuri: walioomba pensheni bila cheti walitafutiwa ushahidi kwenye sensa za 1841 na 1851, wakati huo bado zipo, na fomu za utafutaji huo zimebaki. Humo kuna majina ya wazazi wa mwombaji na kitongoji alichokulia.

Kama babu alikuwa polisi kabla ya kuja Afrika, ujue kwamba kwenye kambi za polisi sensa iliandika herufi za kwanza za majina tu. Mtafute kama "J. M.", kwa umri, dini na kaunti. Polisi wa Royal Irish Constabulary hakuruhusiwa kufanya kazi kaunti ya kwao wala ya mkewe, kwa hiyo watoto wake kuzaliwa kaunti tatu tofauti ni jambo la kawaida. Kikosi kilivunjwa 1922 na baadhi ya watu wake wakaingia polisi za makoloni. Rejista yao ya utumishi inataja kaunti ya asili.

Sensa ya 18 Aprili 1926 ni ya kaunti 26 zilizopata uhuru. Kwa sheria hufungwa miaka 100.

Nyuma ya 1864

Sasa uko kwenye madaftari ya parokia. Maktaba ya taifa ya Ayalandi iliweka mtandaoni mwaka 2015, kwenye registers.nli.ie, picha za madaftari ya Kikatoliki kutoka parokia zaidi ya elfu moja, mengi yakiishia 1880. Ni bure, ila hayana kisanduku cha kutafutia jina: unachagua parokia, unachagua miaka, unafunua ukurasa kwa ukurasa. Faharasa ya picha hizo iko Findmypast na Ancestry. Itumie kama kidokezo, kwa sababu walioinakili walisoma vibaya majina mengi, kisha hakikisha kwa macho yako kwenye picha. Aliyebatizwa baada ya 1880 itabidi umwandikie paroko.

Maandishi mengi ni ya Kilatini: Jacobus ni James, Joannes ni John, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Majina ya ukoo hayakugeuzwa. Baada ya wazazi yanakuja majina mawili ya wasimamizi, na hayo ndiyo yanayotenganisha Murphy wawili wa parokia moja, maana wasimamizi walikuwa ndugu wa damu mara nyingi. Yaandike yote, mtoto kwa mtoto.

Kinachosumbua ni kwamba parokia ya Kikatoliki na parokia ya kiserikali si kitu kimoja hata zikiitwa jina moja, na parokia nyingi zina daftari linaloanzia miaka ya 1820 au baadaye, hasa magharibi. Nyuma ya hapo hakuna. Ndoa itafute parokia ya bibi harusi, na tazama vizuri wiki za mwisho kabla ya Kwaresima: Kanisa halikufungisha ndoa wakati wa mfungo, hivyo watu walijazana siku zile.

Majina ya watoto yana mpango, kama sisi tunavyorithisha majina ya babu na bibi. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Msichana wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Haikuwa sheria, kwa hiyo itumie kuchagua wapi pa kutafuta. Usiitumie kama ushahidi.

Kuna daftari la kodi ya ardhi lililosimamiwa na Richard Griffith, lililochapwa 1847 hadi 1864, na liko bure kwenye askaboutireland.ie. Linataja mkuu wa kila nyumba, kitongoji, mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na thamani. Mke na watoto hawamo. Lisome kwa jicho la jirani: palipo na wapangaji wawili wa jina moja, karani aliongeza alama ya kuwatofautisha, kwa mfano Murphy John na pembeni "Pat", yaani John wa Pat. Umepewa jina la baba na mtu ambaye hakukusudia. Ramani zinazofungukia kando zimechorwa baadaye kuliko orodha, ndiyo maana namba ya kiwanja wakati mwingine inaangukia kwenye shamba la mtu mwingine.

Baada ya Griffith kodi iliendelea kusahihishwa kwenye madaftari ya mkono: jina la zamani linakatwa kwa wino wa rangi, jipya linaandikwa juu, na mwaka unawekwa pembeni kwa rangi hiyohiyo. Jina likibadilika kutoka Timothy kwenda Daniel mwaka 1897, tafuta kifo cha Timothy miaka miwili mitatu ya hapo nyuma. Ya kusini yako Tailte Éireann, taasisi ya serikali ya mambo ya ardhi, Dublin. Ya kaunti sita za kaskazini, zilizobaki chini ya Uingereza, yako PRONI, ofisi ya kumbukumbu za umma ya huko, Belfast, na yanaonekana mtandaoni. Kaskazini ina ofisi yake ya usajili tangu 1922, na kutazama rekodi huko unalipia.

Vinasaba na uraia

Kama baba hakuandikwa popote, karatasi peke yake hazitafunga hoja. Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia, lakini kilinganishe na uhusiano sahihi. Wazao wa mke wa Ulaya na wazao wa mama wa Tanganyika wanachangia babu mmoja tu. Kiasi cha vinasaba ambavyo watu wawili wanashirikiana hupimwa kwa sentimogani. Binamu kamili wa kwanza hushirikiana kwa wastani sentimogani 866, binamu wa kwanza wa nusu, yaani wenye babu mmoja lakini bibi tofauti, takriban 449, binamu kamili wa pili 229, na binamu wa pili wa nusu 120. Ukilinganisha 120 na jedwali la binamu kamili utamweka mtu kizazi kisicho chake. Mpime mzee wa familia aliye hai kwanza, kwa sababu kila kizazi kinapunguza nusu. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, kwa hiyo pita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kuuliza utaratibu kabla ya kutuma mate nje.

Kuhusu uraia wa Ayalandi, mjukuu wa mtu aliyezaliwa katika kisiwa hicho anaweza kuomba kuandikishwa kwenye daftari lao la waliozaliwa nje. Kitukuu anaweza tu kama mzazi wake alishaandikishwa kabla yeye hajazaliwa. Picha ya bure ya irishgenealogy.ie haipokelewi, wanataka vyeti rasmi vya kizazi kwa kizazi, pamoja na vya RITA vya upande huu, na hapo majina ya Makati na McCarthy inabidi yaungane kwa hati ya kisheria. Kabla ya kulipa chochote kumbuka kwamba kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, mtu mzima anayejichukulia uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania, na kuandikishwa kule kunahesabika kuwa hiari. Pita Uhamiaji kabla ya kujaza fomu.